Matundu ya Ukuta

Jina la kazi yangu linanisaliti.
Mshauri, wanasema, basi anayeketi mbele yangu
hungoja shauri kama angojavyo chenji.
Sina. Nina viti viwili, jagi la maji,
na chumba cha mbao ubavuni mwa kinu cha Mama Cibalonza
ambako mihogo husagwa hadi saa tisa,
nasi tumezoea kusema
kati ya mngurumo na mngurumo.

Fundi Mugaruka alikuja Alhamisi ya kwanza
na saruji kwenye nyusi.
Nikamweleza masharti:
yasemwayo humu hayavuki kizingiti,
saa yetu ina dakika hamsini,
na tukikutana soko la Kadutu
sitakusalimu mpaka uanze wewe.
Akacheka. "Bukavu hii?
Watasema nina deni lako."

Wiki tano alinifundisha kujenga.
Jinsi mlima unavyosukuma usiku na mchana.
Jinsi udongo mwekundu unavyoinywa mvua ya Novemba
ukavimba kama mguu wa mgonjwa.
Jinsi ukuta wa kuuzuia mlima
lazima uachiwe matundu,
kipande cha bomba kila hatua mbili,
la sivyo maji hujikusanya nyuma yake, kimya,
na siku ya kuanguka
haulizwi mtu nani amelala chini.

Niliandika daftarini: *anakwepa.*
Nikafuta. Nikaandika: *anakaribia.*

Wiki ya sita akataja jina. Ashuza.
Kitindamimba wa mama yao.
Ukuta aliujenga Mugaruka mwenyewe,
mwenye nyumba akakataa kulipia mabomba,
naye akakubali,
ada ya shule ya watoto ilikuwa imemkaba koo.

Nami, mwenye cheti, mwenye miaka mitatu ya semina,
nikaruka na neno
kama mtu anayewahi kufunika chungu kinachofoka:
"Si kosa lako."

Akanyanyuka. Akashukuru kwa adabu.
Alhamisi tatu kiti chake
kilikaliwa na unga wa kinu.

Mwalimu wetu alipata kutuambia:
mtu akikupa jiwe lake ulishike,
usilitupe kwa kumhurumia.
Nilikuwa nimeyanakili hayo kwa mwandiko mzuri.
Hata pole, nilifikiri nikifagia ule unga,
hata pole ukiitamka mara moja unafunga mlango.
Irudie, inakuwa mwendo.

Nilimwona sokoni, kwenye meza za sambaza.
Nikainamisha macho kama tulivyoagana,
nikahesabu samaki wasiohesabika.
Akapita. Kisha nyuma ya bega langu:
"Asinge, mama."
Basi. Hata hakusimama.

Alhamisi akarudi. Umeme ulikuwa umekatika,
kinu kimezimwa, tukawa hatuna pa kujificha.
Nikasema, "Siku ile nilikuharakisha.
Aliyeogopa ni mimi."
Akanitazama kitambo,
vile anavyotazama uzi wa timazi
mpaka uache kuyumba.

"Niambie kuhusu hayo mabomba," nikasema.

"Dola nne," akasema.
"Yote pamoja. Dola nne."

Sikumwambia kitu. Alirudia hesabu hiyo
mara ngapi sijui, kila mara kwa sauti nyingine:
ya fundi, ya baba, ya kaka mkubwa
aliyewahi kumbeba mtu mgongoni
kutoka mtoni hadi Cimpunda.
Kosa lilikaa katikati yetu, kubwa kama lilivyo,
wala hakuna aliyelisukuma.
Machozi yakatoka kidogo kidogo,
naye akabaki amesimama wima ndani yake.

Alipoondoka aligonga ubao wa nyuma kwa kidole.
"Huku upande wa mlima kutaoza," akasema.
Wiki iliyofuata alileta kipande cha bomba,
kirefu kama mkono wa mtoto, akakiacha mezani.

Kipo chini ya kiti changu.
Kanuni ya zawadi iko ukurasa wa tisa.
Bado sijaufungua.